Sumu Ambayo Hakuna Aliyeiweka

Wiki iliyopita nilikuwa Makutano, mvua ya manyunyu ikinyesha, nikapita mbele ya duka la mbolea ambapo mama mmoja alikuwa amejikinga kibarazani akichoma mahindi. Alikuwa na mafua. Alichukua majani machache ya mkaratusi, akayatupa juu ya makaa, akainamisha uso auvute ule mvuke. Harufu ilinifikia kabla sijamwona. Mtu wa boda boda alinipigia honi nitoke njiani. Nilisimama na mwavuli wangu kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Mama simu nikamweleza. Akasema, "Andika, Kendi. Wenye watoto wachanga wasome." Kwa miaka mingi sikuandika kwa sababu niliona mambo haya ni yake kuliko yangu. Sasa amenipa ruhusa.

Tulikaa upande wa juu wa mji wa Meru, karibu na pale msitu unapoanzia. Wa rika langu waliokulia kule wanaijua Julai yetu. Ukungu unashuka asubuhi na kukataa kuondoka, nguo zinakaa kwenye kamba hadi zinaanza kunuka, na darasani vidole vinakuwa vigumu hata kalamu unaishika kama mwiko. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na kila ufa kati ya ubao na ubao tuliuziba kwa vipande vya katoni. Baba alikuwa fundi wa mawe. Wakati huo alikuwa akijenga Ruiri, anakuja nyumbani mwisho wa wiki tu. Nyumbani tulibaki mimi, Mama, na Cucu, yaani mama yake Baba, ambaye alikuwa na kinyumba chake cha jikoni ng'ambo ya ua.

Nilikuwa darasa la sita na nilikuwa mtoto wa pekee. Mama alikuwa ameomba mtoto mwingine kwa miaka mingi, akaombewa kanisani mpaka watu wakaona haya kuendelea kumwombea. Kisha, katikati ya baridi ile, akazaliwa Kanana. Alikuwa mdogo sana, na alikuwa na tabia ya kukunja paji la uso akilala, kama mzee anayefikiria habari ya ng'ombe.

Cucu alichukua kazi ya kuwatunza wote wawili. Asubuhi uji wa wimbi, mchana mchuzi wa mifupa, na mchana kutwa jiko la makaa chumbani ili mtoto asipatwe na baridi. Kuhusu jiko hilo alikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliliwasha nje, akalipepea kwa kifuniko cha sufuria, akangoja moshi wote uishe na kila kipande kiwe chekundu mpaka ndani. Hapo ndipo alipoliinua na kuliingiza.

"Moshi ndio unaumiza mtoto," aliniambia. "Makaa yakiwa hivi ni safi."

Wanawake wote wa pale walisema hivyo hivyo. Na kwa kuwa Mama alikuwa na kikohozi, Cucu aliweka majani ya mkaratusi juu ya moto, mawili matatu, yakajikunja na kutoa ile harufu kali tamu. Niliipenda. Nilikuwa nikitoka shule nakimbilia kwenye chumba kile kwa ajili ya Kanana, kwa ajili ya joto, na kwa ajili ya harufu.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu mzito. Nilipokaribia nyumbani kutoka shule niliona watu uani. Mama alikuwa amelazwa nje kwenye nyasi, juu ya gunia, blauzi imefunguliwa vifungo, nywele zimelowa. Alikuwa anatapika na macho yake hayakuwa yakimwona mtu. Jirani mmoja alikuwa anampepea kwa leso katika baridi ile ambayo sisi wengine tulikuwa tunatetemeka. Sikuelewa kwa nini mgonjwa atolewe nje kwenye baridi na kupepewa.

Cucu alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, Kanana mikononi. Mundu wa kukatia majani ya nepia ulikuwa bado umechomekwa kwenye mkanda wake, kwa sababu alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe alipofungua mlango na kuwakuta. Alikuwa anampulizia mtoto usoni. Anapuliza, anangoja, anapuliza tena.

Nilisogea nikamtazama Kanana. Mashavu yake yalikuwa mekundu, midomo pia, rangi nzuri ambayo sikuwahi kumwona nayo. Nilifikiri hajawahi kuwa na afya kama siku ile.

"Cucu, mfunike, ataona baridi," nikasema.

Jirani mwenye pikapu alimpakia Mama akampeleka hospitali mjini, na Cucu akabaki pale chini akiendelea kupuliza, mpaka mwanamke mmoja alipomshika mabega na kumwambia kwa sauti ndogo, "Mama, basi. Basi sasa."

Baba alifika kutoka Ruiri na suruali yenye saruji. Kwetu mtoto mchanga huzikwa kimya kimya, bila tangazo wala umati. Mimi nilipelekwa kwa jirani, na niliporudishwa blanketi dogo halikuwepo tena kitandani, na dirisha la chumba kile lilikuwa wazi. Mama alikuwa bado hospitalini. Waliomzika Kanana walikuwa Baba na Cucu tu.

Halafu nikamsikia Baba akiwaeleza majirani alichoambiwa na daktari. "Ni sumu ya makaa," alisema.

Neno hilo liliingia ndani yangu likakaa. Kwangu sumu ilikuwa kitu cha kwenye chupa, chenye picha ya fuvu, kile ambacho Baba alikificha juu ya dari kwa ajili ya kupe na wadudu wa viazi. Na sumu huwa haijiweki. Lazima kuwe na mkono ulioiweka. Basi nikajiuliza ni nani aliyekuwa akiweka vitu kwenye jiko lile, na jibu nilikuwa nimeliona kwa macho yangu kila siku. Majani.

Sikumwambia mtu yeyote. Niliacha tu kula kitu kilichotoka mikononi mwa Cucu. Uji alionipa niliumwaga nyuma ya choo, nikawatazama kuku wakiudonoa, nikingoja waanguke. Hawakuanguka. Nikaamua kwamba sumu ya Cucu ni ya watu peke yao. Nilikuwa nikimtazama akivuka ua na kikombe cha maziwa, mgongo umepinda, na moyo unanidunda kama ninayemwona nyoka. Na nilimpenda. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu, kwamba nilimpenda na kumwogopa kwa wakati mmoja, na sikujua mtu anafanyaje na vitu viwili hivyo.

Mama aliporudi kutoka hospitali, hakumsemesha Cucu. Hakumtukana wala kumlaumu mbele ya watu. Alipita tu karibu naye kama mtu anayepita karibu na mti. Cucu alileta maziwa akayaacha mlangoni, na maziwa yakakaa pale hadi yakashika utando. Baba alijaribu kumwambia Mama, "Njoo nikuonyeshe mahali tulipomlaza." Mama alisema, "Usinionyeshe." Alijaribu tena siku nyingine, akajibiwa vile vile, akaacha.

Muda si mrefu nikaona kwamba hakuna moshi unaotoka kwenye paa la Cucu. Alikuwa ameacha kuwasha moto. Katika baridi ile, mwanamke mzee yule alikuwa anakula ndizi mbivu na githeri iliyolala, anakunywa maji yaliyokuwa karibu kuganda, analala bila kuota moto. Akaanza kukohoa. Baba alimletea kuni akazipanga mwenyewe kwenye mafiga, akamsihi.

"Moto na mimi tumemalizana," Cucu alimwambia. "Mwache mama yako."

Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Mwalimu Muriuki. Alikuwa mtu wa Embu, wa kule chini kwenye joto, na baridi yetu ilimwonea. Alifundisha na koti mpaka shingoni, na tulicheka jinsi alivyotamka maneno ya Kimeru. Asubuhi moja alikuja na mshumaa na kijiko. Aliyeyusha nta ndani ya kijiko, tukaiona ikiwa maji, kisha akaiacha ikaganda tena mbele yetu.

"Nta ilikuwa nta, ikawa maji, ikarudi nta," alisema. "Umbo limebadilika, kitu chenyewe ni kile kile. Hilo ni badiliko la kimaumbile. Linaweza kurudi."

Kisha akawasha karatasi, ikawa jivu kiganjani mwake. "Hii nirudishieni iwe karatasi." Hakuna aliyeweza. "Hapa kitu kipya kimezaliwa. Hilo ni badiliko la kikemia."

Akatuambia kwamba kila kitu duniani kimejengwa kwa vitu vya asili vinavyoitwa elementi, na kwamba ukikata elementi na kukata na kukata, utafika kwenye chembe ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, nayo ni atomu. Chembe hizo hata moto hauzimalizi. Zinaachana na kushikana upya tu. Sijui kama hayo yote yalikuwa kwenye silabasi yetu. Mwalimu Muriuki akianza hakuangalia silabasi. Akatoa mfukoni kipande cha makaa, akakiinua.

"Hii ni elementi gani? Ni kaboni. Karibu yote ni kaboni. Ikiungua inashikana na oksijeni ya hewani."

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama. "Mwalimu, na sumu inawekwa na nani?"

Darasa lote likanigeukia. Kila mtu alijua habari ya kwetu. Mwalimu Muriuki alikiweka kile kipande mezani polepole, akawaambia wengine watoke wakacheze, mimi nibaki. Alienda jikoni kwa shule, walikokuwa wanaandaa githeri ya mchana, akarudi na gao la mahindi na maharagwe mabichi. Akaketi kwenye dawati karibu nami, koti lake likinuka sabuni.

"Haragwe ni atomu ya kaboni," alisema. "Hindi ni atomu ya oksijeni. Makaa yakiungua mahali penye hewa ya kutosha, kila haragwe linachukua mahindi mawili." Akapanga. "Hii si kitu cha kuogopesha sana, hata wewe unaitoa ukipumua. Sasa funga dirisha. Ziba mlango. Mahindi yanaanza kuisha. Haragwe linafanya nini?"

"Linakosa."

"Linapata moja tu." Akaondoa hindi moja kutoka kwa kila haragwe. "Hii inaitwa kaboni monoksaidi. Haina moshi, haina harufu, haina rangi. Ukiivuta inashika damu yako pale oksijeni inapotakiwa kushika, na haiachi kwa urahisi, hata midomo inabaki myekundu. Mtu anasikia usingizi tu. Mtoto mchanga anapumua haraka, na mwili wake ni mdogo. Inamshinda mapema."

Nilitazama zile punje. "Lakini nani anaiweka?"

"Hakuna anayeiweka. Inajitengeneza yenyewe, hewa ikiwa haitoshi."

"Na majani?"

"Majani gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya mkaratusi na ya uji na ya kuku, maneno yakinitoka bila mpango, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. "Majani hayakufanya lolote," alisema. "Yalitoa harufu tu. Cucu wako hakuweka sumu."

Nilianza kulia. Yeye akawa anazungusha haragwe moja kati ya vidole vyake, uso ameuelekeza dirishani.

"Mimi nimepanga chumba pale nyuma ya maduka," alisema baadaye. "Nilikuwa naingiza jiko nikisahihisha vitabu. Nilikuwa naziba chini ya mlango na gazeti, kwa sababu hii baridi yenu ni mbaya. Hii kitu nimeifundisha miaka. Ilikuwa ubaoni tu. Niliposikia habari ya kwenu ndipo nilienda nikatoa lile gazeti."

Nilimwuliza lile lililokuwa limebaki, kama lililompata Kanana lilikuwa badiliko la kurudi, kama nta. Angeweza kunidanganya, nilikuwa mtoto.

"Hapana," alisema. "Halirudi."

Nilizibeba zile punje mfukoni mwa sketi. Nilimkuta Mama kibarazani akichambua viazi vya mbegu, mikono yake ikifanya kazi na yeye mwenyewe akiwa mbali. Nilichukua ungo, nikaupindua, nikapanga mahindi na maharagwe kama nilivyoonyeshwa. Kimeru chetu hakikuwa na neno la oksijeni, nikasema hewa nzuri. Nilimweleza dirisha wazi na dirisha lililofungwa. Aliacha kuchambua viazi.

"Kwa hiyo hata bila moshi?"

"Hata bila moshi. Huwezi kuiona, na haina harufu. Mwalimu amesema hakuna aliyeiweka."

"Na kama dirisha lingekuwa wazi?"

"Mahindi yangetosha."

Mama akainuka, akakung'uta udongo kwenye leso, akavuka ua kuelekea kwa Cucu. Nilimfuata na ungo wangu, nikishikilia punje zisiporomoke.

Ndani mwa Cucu kulikuwa na baridi kama kisimani. Kuni za Baba zilikuwa bado zimepangwa kwenye mafiga vile alivyoziacha. Cucu alikuwa kitandani amejifunika koti kuukuu la Baba, akajaribu kuinuka alipomwona Mama. Mama aliketi kwenye kigoda. Tangu Kanana afe, sikuwa nimewaona wakiwa katika chumba kimoja.

"Mweleze cucu wako," Mama aliniambia.

Nikaeleza tena. Safari hii nilikuwa namtazama mtu ambaye nilikuwa nimemdhania muuaji, na alikuwa ni Cucu tu, mwenye macho mekundu na midomo iliyopasuka kwa baridi. Alifuata kidole changu kutoka punje hadi punje. Nilipomaliza, nilitegemea uso wake utafunguka. Haukufunguka.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeweka gunia dirishani. Mimi ndiye niliyesukuma blanketi chini ya mlango. Nilidhani labda ni Mungu amechukua. Kumbe ni mikono yangu hii."

"Mama," Mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu arudi. "Nani alikuambia uliweke lile gunia?"

Cucu aliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyekuita," Mama akasema. "Nilikuambia upepo unampiga mtoto. Ulisema, tuache nafasi kidogo. Nikakuambia ziba yote. Nilikuwa nimekasirika hata, kwa sababu ulikuwa unachelewa. Ndivyo ilivyokuwa. Nimekumbuka kila siku kitandani kule hospitalini, na kila siku nimekuchukia wewe kwa sababu sikuweza kubeba."

"Nilikumbuka pia," Cucu alisema.

"Ulikumbuka? Na hukusema? Baba Kendi alikuuliza mbele ya watu nani aliziba dirisha, ukasema ni wewe."

"Ulikuwa umetoka kuzaa, na umezikiwa mtoto hata bila kuona. Ningesema nini tena juu ya hayo?"

Mama alifunika uso kwa mikono miwili. Sauti aliyotoa sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima, na nilitaka kukimbia lakini nilibaki nimeshika ungo. Cucu aliteremka kitandani kwa shida, akaja akaketi sakafuni karibu na kigoda, bega lake likigusa goti la Mama. Hakumwambia anyamaze. Waliketi hivyo mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Kisha Mama akajipangusa na leso. "Nionyeshe mlipomlaza," alisema.

Tulipita nyuma ya zizi, tukashuka kando ya nepia mpaka mwisho wa shamba, mahali udongo ulipo laini na mfereji unapita chini yake. Cucu alitembea mbele akishika nguzo za ua, akisimama kukohoa. Palikuwa na kituta kifupi kuliko mkono wangu, kimezungushiwa mawe meupe Cucu aliyoyabeba kutoka mferejini, na palikuwa pamepaliliwa juzijuzi. Ndipo nilipojua alikokuwa akienda asubuhi tulipokuwa tunamwona akipotelea kwenye ukungu.

Mama alipiga magoti. Aliweka kiganja juu ya udongo, akakiacha pale.

"Mlimfunika na nini?" aliuliza.

"Mtandio wangu wa sufu," Cucu alisema. "Ule wa kanisani. Nilimkunja mara mbili, miguu kwanza. Sikutaka aone baridi."

Mama alinyoosha mkono wa pili bila kugeuka, Cucu akaushika, na wakabaki hivyo, mmoja amepiga magoti na mwingine amesimama, ukungu ukitushukia sote.